Kaburi Mbali na Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimemficha mke wangu jambo. Kwa kuwa daktari amenishauri nisitegemee sana kuzila asparaga, mboga zetu za majira ya kuchipua, za mwakani, afadhali niliandike hapa kabla mkono haujakataa. Roswitha anaamini tumekuja Hallerstedt kutalii. Anaamini ni zawadi yangu kwake kwa miaka hamsini na mitano ya ndoa. Si kweli. Nimekuja kutafuta kaburi.

Si kaburi lolote. La watu wawili, lenye kivuli, na sharti kuu kuliko yote, liwe mbali na mama yake.

Mama Kunigunde amelala kwetu Hagen tangu mwaka 1991, na ubavuni mwake pana nafasi mbili. Roswitha alinionyesha siku ile ile ya mazishi, leso ikiwa bado mkononi. "Zetu hizo, Gisbert." Nikasema ahsante. Mtu angesema nini? Huyu ndiye mwanamke aliyeniuliza kila Jumapili, mbele ya nyama na mchuzi, kama Kilatini changu kinaweza kuziba mfereji wa paa unaovuja. Nimefundisha Kilatini na Kigiriki maisha yangu yote ya kazi, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kunishinda kwa swali. Yeye alinishinda kwa lile lile moja, miaka ishirini na zaidi. Sasa nikalale naye bega kwa bega, bila hata mlango wa kutokea.

Mpango ni huu. Nimtembeze Roswitha. Aupende mji, kisha ayapende makaburi ya mji, kisha wazo litoke kinywani mwake mwenyewe. Wazo langu hajawahi kulikubali hata moja. La kwake hulitetea kama jogoo anavyotetea jaa lake.

Tumefika mchana. Mvua. Mawe ya barabarani ni mabaya kwa magoti. Roswitha alizitazama zile nyumba za mbao akauliza mbona zimeinama zote, mji hauna fundi? Nikamweleza kwamba zimeinama hivyo tangu miaka mia nne, na watu hulipa kuziona. Akasema hata mimi nimeinama, na hakuna anayelipa.

Mwanzo si mbaya.

Jumanne, 8 Oktoba

Asubuhi kanisa, kisha ngome, kisha saa ya ukumbi wa mji. Saa sita askofu wa mbao hutoka kidirishani na kuutikisia mji kichwa. Watalii walipiga makofi. Roswitha alisema anamjua mtu anayefanana naye, hutikisa kichwa na hasaidii kitu. Sikuuliza ni nani.

Nikadokeza kwamba hewa ya hapa ni safi, mtu angeweza kukaa hapa muda mrefu. Muda mrefu sana. Akasema hewa inanuka kabichi.

Mchana, katika mgahawa wa nyumba yetu ya wageni, nilifanya jambo ambalo wengine wangeliita kosa. Nilikaa kwenye meza ya wenyeji. Ina kibao cha shaba katikati, na kila mtoto wa nchi hii anajua kwamba meza ya namna hiyo haikaliwi na mgeni, hata viti vingine vyote vikiwaka moto. Lakini habari zote za mji huzungumzwa hapo, na mimi nilihitaji habari za makaburi. Roswitha alikitazama kibao, akanitazama mimi, akachukua sahani yake ya madonge ya viazi na kuhamia dirishani, kama abiria aliyebadilisha behewa.

Akaja Bwana Kuntzemann, mfamasia mstaafu, shingo nene, mashavu mekundu. Alisimama juu ya kichwa changu na bilauri yake ya bia mpaka supu yangu ikapoa. Mgahawa mzima uliacha kutafuna. Hatimaye akasema, kwa upole wa mtu anayempa mgonjwa habari mbaya, kwamba kiti kile kilikuwa cha babu yake na kisha cha baba yake. Nikamjibu kwamba walikitunza vizuri.

"Mzee, wewe mtu wa wapi?"

"Hagen."

"Ahaa," akawaambia wenzake, kana kwamba ugonjwa umepata jina.

Nilihamishwa. Lakini masikio yangu niliyaacha pale pale, nayo yakafanya kazi. Kwetu kaburi ni la kukodi. Muda ukiisha na ndugu wasijitokeze, jiwe hubandikwa stika ya njano, na baada ya miezi michache wafu hupoteza anwani. Kuntzemann alikuwa akijisifu kwamba kaburi la Hugo Rademacher, la watu wawili, chini ya mti wa lindeni kando ya ukuta, limepata stika. Muda wa ilani ukiisha atalichukua yeye.

Tutaona. Kulia kwa Rademacher, kwa mujibu wa kitabu cha watalii, amelala profesa wa Kiebrania wa karne ya kumi na nane. Kushoto, mtunza maktaba. Hatimaye majirani wa kuzungumza nao. Maneno yangu ya Kilatini ya kuchongwa kwenye jiwe yako tayari tangu mwaka juzi. Mfamasia angeandika nini pale? Mara tatu kwa siku baada ya chakula?

Jumatano, 9 Oktoba

Nilimwambia Roswitha naenda kwa kinyozi. Alikitazama kichwa changu, ambacho hakijamhitaji kinyozi tangu ukuta wa Berlin uanguke, akaniambia nimsalimie.

Msimamizi wa makaburi ni Bwana Schmalstieg, mtu wa makamo, mwenye funguo nyingi kuliko milango. Akasema Hallerstedt haiziki wageni. Huzikwa mkazi, au mtu wa ukoo wenye kaburi. Nikauliza, je, mgeni akifia hapa kwa bahati mbaya? Alinitazama kuanzia kwenye fimbo hadi kwenye midomo, ambayo siku hizi ina rangi ya plamu, akasema hurudishwa kwao. Na kwamba hadi Hagen barabara ni nzuri.

Sikukata tamaa. Kwanza Roswitha apende, sheria tutaikuta mbele. Baada ya kahawa na keki ya plamu nikampeleka "kumwona profesa wa Kiebrania". Profesa alipewa dakika moja. Kisha akaliona kaburi la Rademacher.

Magugu yalifika magotini. Mti mdogo ulikuwa umeota mahali ambapo mzee Hugo angekuwa na tumbo. Roswitha alisimama, na nikaona vidole vyake vinaanza kucheza. Mke wangu anaweza kupita penye nyumba inayoungua bila kugeuza shingo. Penye kaburi lenye magugu hapiti.

"Aibu," akasema. "Aibu tupu. Watu hawa hawana watu?"

Akavua glavu, akapiga magoti, na udongo ukaanza kuruka. Moyo wangu nao uliruka, kwa namna ambayo daktari amekataza. Ameshikwa! Nikamwambia hapa pana kivuli kizuri. Akaniambia nipunguze maneno nilete maji.

Madebe ya kumwagilia yamefungwa kwa minyororo, kila moja na kufuli lake na jina la familia, nadhani kwa sababu ya wafu wenye mikono mirefu. Nikaokolewa na Bibi Krippendorf, mjane mdogo mdogo ambaye mume wake amelala safu ya pili. Alinikopesha debe lake huku machozi yakimlengalenga.

"Jamani, hatimaye mmekuja."

Nikasema ndiyo, tumekuja. Sikuona sababu ya kukanusha jambo la kweli.

Roswitha alinunua maua ya erika getini, yale ya zambarau yanayovumilia baridi, akayapanda mistari miwili iliyonyooka. Alipomaliza, kaburi lilikuwa kama kitanda kilichotandikwa. Alirudi nyuma hatua moja, akaweka mikono kiunoni, akasema, "Sasa mtu anaweza kulala."

Nimeiandika sentensi hiyo kama ilivyotamkwa. Ni ushahidi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Balaa. Stika imebanduliwa.

Schmalstieg alipita asubuhi, akaona erika, akamsikia Bibi Krippendorf, akahitimisha kwamba ukoo wa Rademacher umejitokeza. Kaburi lina wenyewe. Halipatikani tena. Mke wangu, kwa mikono miwili na mfuko wa udongo, amewarudishia wafu anwani yao.

Habari zimeenea. Mwoka mikate alitupa mkate mweusi wa bure na pole. Kuntzemann alinivizia chini ya saa ya askofu. Alisema kumbe mzee wa Hagen ni wa ukoo, ningesema mapema angeniachia kiti. Alitabasamu aliposema hivyo. Sijapenda meno yake.

Nilikaa kwenye benchi nikafikiri. Kisha nikaona. Wananifikiria mrithi? Basi niwe mrithi. Msomi haogopi nasaba. Nimefundisha vizazi vya wafalme ambao hata wao wenyewe hawakujuana. Nikaenda kwa Schmalstieg nikamweleza kwamba Roswitha ni binti wa mpwa wa marehemu Hugo, yule mpwa aliyeolewa Hagen, habari ndefu, ugomvi wa kifamilia juu ya kabati. Kabati lile lilinipendeza. Liliipa hadithi uzito.

Schmalstieg alifurahi mno. Akasema basi kesho tuhudhurie, maana kesho ni siku ya kusukuma mawe.

Alasiri Bibi Krippendorf akatualika kahawa, na hapo nilitokwa na jasho, kwa sababu Roswitha hakujua kwamba ana ukoo mpya. Sikupata nafasi ya kumwandaa. Mjane alimmiminia maziwa akamwuliza kwa sauti ya msibani, mjomba Hugo alikuwa mtu wa namna gani nyumbani?

Roswitha alikoroga kahawa yake. Alinitazama kidogo.

"Hakuwa msemaji," akasema. "Hasa miaka hii ya karibuni."

Nilipumua. Ni wazi hakuelewa swali. Masikio yake si yale ya zamani, maskini, na mimi nashukuru.

Ijumaa, 11 Oktoba

Naandika nimelala. Mgongo.

Kila mwaka, kabla ya baridi, msimamizi hupita jiwe kwa jiwe na kulisukuma kila moja, ili lisije likamwangukia mjane aliyeinama. Ni utaratibu mzuri, na tunaujivunia. Jiwe likicheza, mwenye kaburi analiitia fundi, la sivyo linalazwa chini. Watu huja kutazama. Bibi Krippendorf alikuja na mto wa kukalia. Kuntzemann alikuja na mikono mifukoni.

Profesa wa Kiebrania alisukumwa, akasimama imara. Mtunza maktaba vile vile. Schmalstieg akamfikia Rademacher, akaweka kifaa chake juu ya jiwe, akabonyeza.

"Linacheza."

Nikasema halichezi.

"Bwana Mwalimu, linacheza."

Kuntzemann akasema, akiwaambia wengine, kwamba ukoo uliolisahau kaburi muda wote huo hauwezi kushangaa jiwe nalo likiwasahau. Watu wakacheka. Jambo hilo sikuweza kuliacha lipite. Nikasema jiwe hili litasimama baada yetu sote, nami nitaonyesha. Nikakunja mikono kifuani na kuegemea kwa mgongo mzima, kama nilivyoegemea ubao darasani kwa miaka yote ile.

Ubao ulikuwa umefungwa ukutani. Jiwe lilikwenda. Lilikwenda taratibu, kwa heshima, nami nikalifuata.

Halikunigusa. Niliangukia kwenye erika, chali, nikiwa nimenyooka kabisa. Hakuna kilichovunjika ila kifungo cha suruali. Na kwa kuwa nilikuwa pale tayari, nilitumia nafasi kukagua. Lazima niseme ukweli: kutoka chini ngome haionekani. Huonekana pipa la maua yaliyooza. Mlindeni unadondosha majani usoni. Upande wa profesa kuna unyevu.

Kichwa cha Roswitha kikatokea juu yangu.

"Umewahi," akasema. "Hata hawajachimba."

Schmalstieg akamwuliza, kwa adabu, kama ndugu wa marehemu Hugo ana neno. Roswitha akasema katika mji huu hana ndugu hata paka. Akasema kaburi alilipalilia kwa kuwa lilimuumiza macho. Kuhusu mambo mengine, mume wake ni msomi. Watu wakaitikia kwa vichwa, kwa huruma, kana kwamba ni msiba ulioko katika familia nyingi.

Stika ilirudishwa mbele ya macho yangu. Bibi Krippendorf alidai debe lake. Aliyenyoosha mkono kuninyanyua alikuwa Kuntzemann, na ni lazima nikiri kwamba ana nguvu. Alinikung'uta majani mabegani.

"Ahsante kwa palizi, mzee wangu. Na maua mazuri sana."

Jumamosi, 12 Oktoba

Ndani ya treni. Roswitha alifungua mikate, akanipa wenye jibini, akasema, "Haya. Sema."

Nikasema. Mama yake, mfereji wa paa, nafasi mbili, miaka yote hii. Aliangalia nje mpaka tukapita kituo kizima. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Nikadhani analia nikamshika mkono. Alikuwa anacheka.

Kaburi la mama yake halipo.

Muda wake ulikwisha zamani. Walimwuliza Roswitha kama anaongeza, akasema hapana. Jiwe limeondolewa, pameoteshwa majani. "Nilikuwa binti yake, Gisbert, si mfungwa wake. Mimi pia nilikula zile Jumapili."

Nikauliza, na shada la maua la kila Novemba? Maana kila Novemba huvaa koti jeusi na kwenda makaburini peke yake, magoti yangu hayaniruhusu. Akasema kuna duka la keki mkabala na kituo cha basi, wana keki ya mbegu za mpopi. Shada humpa mwenye duka.

Nikasema angeweza kuniambia. Nimeishi kwa hofu.

"Uliishi vizuri. Kila Novemba unaosha vyombo bila kuambiwa. Nani angeharibu kitu kama hicho?"

Kisha akasema, kama mtu anayetaja bei ya viazi, kwamba habari ya asparaga anayo. Daktari ni binti wa rafiki yake wa kwaya, na nani nilidhani ndiye aliyenipangia miadi? Akaninyoosha kola ya shati.

Nikamwuliza yeye basi atalala wapi. Akasema msituni. Ameshachukua nafasi, majivu chini ya mti, ule msitu wa juu ya bwawa. Hakuna jiwe, hakuna magugu, hakuna jirani wa kusema. Amepalilia vya kutosha.

"Nafasi ngapi?"

"Yangu. Wewe unataka jiwe na Kilatini. Mtini hawachongi Kilatini. Chagua unapopenda, mzee wangu, sitakuingilia."

Kwa hiyo nimeshinda. Niko huru kabisa. Mkate wa jibini sikuumaliza.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nyumbani. Ngazi siziwezi tena. Kitanda kimeletwa chini, karibu na dirisha la bustani.

Roswitha amenipatia kaburi zuri hapa Hagen. Liko kando ya kanisa dogo la makaburini, kavu, jirani ni mwalimu mkuu wa zamani aliyejua Kigiriki kiasi. Amelichunguza mwenyewe, ameshalisukuma jiwe la jirani. Mahali pale hapana mama mkwe wala mfamasia. Kilatini changu kitaenea chote. Ameniuliza kama nimeridhika, nikasema nimeridhika mno.

Ningeweza kumwambia sentensi moja: nichukulie nafasi mtini kwako. Ningeisema hata sasa, yuko jikoni, namsikia akigombana na sufuria. Lakini mtu hawezi kuomba tu hivi hivi. Inahitaji mpango.

Nimeanza kuuponda msitu. Juzi nilimwambia una nguruwe mwitu wanaofukua. Jana nikamwambia hakuna mtu mwenye elimu aliyewahi kulala chini ya mti ila mlevi. Nikiupinga vya kutosha, atanilazimisha niende, kwa kuwa hajawahi kuniacha nishinde. Leo mchana amejibu, "Basi vizuri, usije." Hatua ya kwanza imekamilika, kama nilivyotarajia.

Kesho nitampigia simu mlinzi wa msitu kwa jina la kubuni, sauti nzito, nidai nafasi ya kushoto kwake. Ya kulia, nimesikia, imeshachukuliwa na mchinjaji mmoja mstaafu. Huyo nitashughulika naye kando. Lazima ana udhaifu.

Roswitha asijue sababu ya kutaka nilale karibu naye. Nimeandika kurasa hizi zote nikisema ni mama mkwe, ni kivuli, ni majirani wasomi. Hapana. Nilikuwa na miaka minne, wakati wa vita, tulipojificha katika chumba cha chini ya nyumba, mabomu yakaanguka, mshumaa ukazimika, na hakuna aliyekuwa na kiberiti. Nina miaka themanini na minne sasa. Nasoma Kigiriki bila kamusi, na naogopa giza.